Aliyeniomba Maji ya Bahari Kensington

Sina sababu ya kukudanganya. Profesa mstaafu mwenye shahada tatu na mvi za kutosha hapati faida yoyote akitangaza kwamba alitembelewa na kiumbe asichokielewa. Atakachopata ni kuchekwa, na mimi nachekwa vya kutosha nyumbani. Lakini jambo hili lilitokea hapa Kensington, Johannesburg, sebuleni kwangu, na tangi lenyewe lipo. Njoo ulione.

Ni tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama kochi, lenye matumbawe hai na samaki wa rangi ambazo mtu wa Dodoma kama mimi alidhani zipo kwenye khanga tu. Ni la mke wangu, Thandi. Baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, mama yake Mzaramo, naye alizaliwa na kukulia Dar es Salaam mpaka uhuru wa huku ulipomrudisha baba nyumbani. Msichana akaletwa huku juu kwenye baridi, bahari ikabaki nyuma. Wengine hutibu hamu ya kwao kwa muziki. Yeye alinunua tangi, na mimi nikawa mtumishi wake.

Tena mtumishi hodari, niamini. Maji ya bomba nayachuja mpaka yanabaki maji matupu, kisha nakoroga humo chumvi maalumu ya ndoo na kupima. Joto halitakiwi kushuka chini ya nyuzi ishirini na nne. Pampu hairuhusiwi kulala, kwa sababu tumbawe halina miguu ya kufuata hewa wala chakula. Maji ndiyo yanayolipelekea. Na kila Jumamosi natoa sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya.

Hayo ya zamani yana mteja. Watu wa huku wakienda Durban hurudi na chupa za maji ya bahari, ya kuogea na kufukuza mikosi. Asiyekwenda Durban huja kwangu. Wa kwanza kufika huwa Mama Mireille, msusi Mkongo anayekaa nyumba ya pili, na kila mara namhubiria kwamba hii si bahari, ni bomba la Johannesburg na chumvi ya dukani.

“Papa, weye kazi yako kusema tu. Samaki iko ndani ama haiko?”

“Wapo.”

“Basi ni bahari. Jaza chupa.”

Julai iliyopita mama mkwe alifariki. Thandi akapanda ndege kwenda Dar kuzika. Uwanjani alinishika mkono akasema, “Baba Neema, nikirudi nikute matumbawe yangu yapo hai. Mama hayupo tena. Nisije nikakuta na huku hakuna kitu.” Dada zake walishaanza kumwambia abaki huko huko. Nilimwelewa vizuri sana.

Sasa sikiliza. Matanga hayajaisha, wezi wakakata nyaya za umeme. Mtaa wote giza, hata robot, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika, magari yanabishana kwenye makutano. Betri ya akiba ilisukuma pampu mpaka mchana, ikafa. Nililivisha tangi mablanketi. Nikachemsha maji kwenye gesi, nikayatia kwenye chupa na kuziacha zielee ndani ya tangi. Nikachukua jagi, nikawa nachota na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Chota, mimina, chota, mimina. Umewahi kuona profesa wa zamani akigombana na Julai kwa jagi? Magharibi ilipoingia kipimajoto kilisoma ishirini. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote, mengine yanatoa utando, na samaki wanatweta juu ya maji.

Ndipo nikasikia, “Hodi.”

Sauti ilitoka barazani. Geti nilikuwa nimelifunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua mlango na tochi mkononi. Mwanamke, umri wa binti yangu, amejifunga kitenge kimoja katika baridi ile, miguu mitupu. Nikangoja anipe shikamoo. Hakunipa. Alisimama akanitazama kama anayengoja haki yake, mpaka nikajisikia nasema, “Shikamoo.”

“Marahaba,” akaitikia, bila haya hata kidogo.

Najua unachofikiria. Hapana, hakuwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mnene, na angeanza kwa kunitukana.

“Nimekuja kuomba maji,” akasema. “Ya bahari.”

Nikajua katumwa na Mama Mireille. Nikampa hotuba yangu, maana hata katika msiba mwalimu hafundishiki: haya si ya bahari, mama, nimeyatengeneza mwenyewe.

“Umeyatengeneza?” Akacheka. “Na samaki umewatengeneza?”

Akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akafunua blanketi na kuzamisha mkono hadi begani. Unajua nilipiga kelele gani? “Mama, mafuta ya mikono!” Ndiyo, mbele ya kiumbe yule mimi niliwaza losheni.

Samaki wetu mmoja huishi nyuma ya jiwe, hata Thandi humwona kwa bahati. Alitoka, akalala kwenye kiganja chake.

“Maji haya yamechoka kukaa,” akasema mwanamke. “Bahari isiyokupwa inakufa, baba. Umeyafungia, hujayafundisha kutoka.”

Kioo kilianza kupata ukungu. Niliweka kiganja changu: kulikuwa na joto. Nikamulika kipimajoto, kinapanda mbele ya macho yangu, na hita imezimika. Nilipogeuka kumpa chupa yake, hayupo. Nyayo za maji zilitoka mlangoni mpaka kwenye tangi. Za kurudi hazikuwepo. Asubuhi nyayo zile zilikuwa zimekauka, nyeupe kwa chumvi, na matumbawe yamefunguka yote. Umeme ulikuwa bado haujarudi.

Thandi alirudi amekonda kwa kilio. Alikaa mbele ya tangi na kikombe chake cha chai. Kabla hajakimaliza akauliza, “Nani kapunguza maji?” Hakuna aliyeyapunguza. Jioni yalikuwa yamejaa tena. Fundi alikuja kutafuta mahali panapovuja, hakupaona, akatutazama vibaya. Mke wangu yeye hakuhitaji fundi. Aliyatazama siku chache akasema, “Yanakupwa na kujaa,” akalia, kisha akawapigia simu dada zake kuwaambia wasimtarajie.

Mpaka leo ni hivyo. Mara mbili kwa siku maji hushuka na kupanda, na mwezi ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanafurika, sebule nzima inalowa. Tangi haliuziki, na nyumba hatuwezi kuihama.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufuga bahari nyumbani, nunua betri mbili, pima chumvi, usipuuze baridi ya Julai. Lakini mtu akikubishia hodi akaomba maji, achana na hotuba. Mpe. Kisha kunja zulia.