Mwisho wa Hadithi ya Cucu Ciarunji

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningeifuta katika kumbukumbu zangu kama ningeweza, na wiki hii imenirudia kwa sababu ya simu ya mjukuu wangu Mukami. Alikuwa akicheza mchezo ndani ya simu hiyo, nami nimeketi kando yake nikitazama. Usidhani ninaidharau michezo hiyo. Huu ulikuwa na hadithi, tena iliyotungwa kwa uangalifu: mwanamke amevuka jangwa akimtafuta ndugu yake, na sasa amefika kwa mzee anayejua alikopitia. Mzee akafungua kinywa. Mukami akabonyeza, mzee akatoweka.

"Mbona umemnyamazisha?" nikauliza.

"Guka, huyo anaongea sana. Naskipu tufike kwa vita."

"Na hao unaopigana nao ni akina nani?"

"Sijui. Lakini wako na nguvu, wacha tu."

Jioni ile ile alimweleza dada yake mwisho wa filamu ambayo dada huyo alikuwa akiingoja tangu Jumatatu, na ambayo Mukami mwenyewe hakuwa ameitazama. Alikuwa amesikiliza muhtasari wa dakika kumi. Dada yake akalia. Mukami akashangaa: "Si nimekusaidia tu?" Hapo nilipandisha sauti, jambo ambalo daktari amenikataza. Nilipandisha kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi nyumbani Kibugu kwa likizo. Siku za kuchuma chai tulibeba vikapu hadi kituo cha kununulia majani, tukayamwaga mezani tukayachambua, kisha tukalingoja lori la kiwanda. Mvua ikinyesha, lori lilikwama bondeni, na kungoja kukawa saa mbili au tatu. Katika saa hizo Cucu Ciarunji, bibi yetu sote pale kijijini, alitusimulia. Alikuwa mwanamke wa Siakago aliyeolewa huku kwetu kwenye baridi, na hadithi yake ilitoka kwao: mtoto alimfuata mbuzi aliyepotea, akapotelea vichakani, na mama yake akawa anakwenda kilima hadi kilima akimuuliza kila aliyekutana naye. Kila siku ya lori, Cucu alitupa kilima kimoja, si zaidi.

Mimi nilikereka. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na kwa maoni yangu bibi huyu alikuwa amekwama katikati kama lile lori. Tena mwisho niliujua. Mwenzangu wa bwenini, kijana wa Siakago, alikuwa amenipa huo mwisho kwa sentensi mbili tukiwa kwenye foleni ya chakula. Basi siku ya nne, Cucu alipotua ili yule mama apumzike kidogo kivulini, nikasema kwa sauti: "Mama anarudi peke yake. Anapata kamba ya mbuzi tu, kando ya mto. Haya, nimewasaidia."

Hakuna aliyecheka. Jirani yetu Wanja alikiinua kikapu chake kabla majani hayajapimwa, akaondoka mvuani. Mapema mwaka huo Wanja alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee. Nilikuwapo mazishini, mwanangu. Nililijua hilo na niliijua hadithi, lakini sikuwa nimeviweka pamoja.

Cucu Ciarunji hakupaza sauti. Aliniita kando ya mizani.

"Huo mwisho niliujua kabla mama yako hajazaliwa," akasema. "Unafikiri nachelewa kwa sababu nimesahau?"

"Hapana, Cucu."

"Shamba la Wanja lilikuwa limegeuka msitu. Sasa amechuma mara nne. Unafikiri ni hamu ya kuchuma?"

Akanyoosha kidole kwenye njia aliyoshika Wanja.

"Nenda kwake. Mwambie huujui mwisho."

"Lakini Cucu, huo utakuwa uongo."

"Utakuwa uongo vipi, na mimi bado sijausema?"

Nilimkuta Wanja mlangoni pake akipukuchua mahindi. Aliniona, akaendelea. "Bwana Mwalimu," akasema, "kuna nini kingine umekuja kutusaidia?"

"Nimekuja kusema sikujua. Mwisho siujui."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Kisha, bila kuinua uso: "Na mtoto?"

"Cucu hajamfikia bado."

Siku ya lori iliyofuata alikuja kachelewa, kikapu hakijafika nusu, akasimama mwisho kabisa wa meza. Cucu hakumtazama. Aliendelea kutoka kilima kilekile alipomwacha yule mama. Mimi nilisikiliza vilima viwili tu, kisha shule ikafunguliwa.

Niliporudi Desemba, hadithi ilikuwa imekwisha. Cucu sikuthubutu kumwuliza. Nilimwuliza Wanja, niliyekutana naye akitoka kituoni na kikapu kitupu mgongoni. Alicheka, mwanangu; sikuwa nimemsikia akicheka mwaka mzima.

"Si wewe unaujua?" akasema, akashika njia yake.

Cucu alifariki nikiwa chuoni. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, nimefundisha fasihi hadi nikastaafu, na mwisho wa hadithi ile, kama Cucu alivyouleta, siujui hadi leo.

Kwa hiyo niliyomwambia Mukami, baada ya sauti kushuka, nakuambia na wewe. Usimnyang'anye mtu mwisho anaoungoja, hata kama ni wa filamu tu, kwa maana hujui amekuja kutafuta nini ndani ya hadithi hiyo. Usikubali pia kuridhika na muhtasari. Mimi nilipewa sentensi mbili nikajiona mjuzi. Na mzee wa kwenye mchezo akifungua kinywa, mwache amalize. Vita vitakungoja.

Mungu akujalie watu wa kukusimulia polepole, na subira ya kukaa nao mpaka lori lije. Na hadithi yako mwenyewe, mwanangu, asitokee mtu wa kuimaliza kabla yako.