Chombo Kisicho na Mabawa Juu ya Ndanda

Anselmo hakupenda uongo, hata uongo wa kuchezea. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kwenye lami ya uwanja wa ndege, vijiti viwili vya rangi ya chungwa mikononi, akiwaonyesha marubani pa kuegesha, na katika miaka yote hiyo hakuna ndege iliyosogea mbele yake bila yeye kuiita isogee. Sasa ni mstaafu wa Madale mwenye magoti mabovu, na kila siku baada ya chai anaketi mbele ya kompyuta kurusha kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani wala mbinguni.

Kitu chenyewe kilikuwa chombo cha anga za juu, cheusi, bapa kama kikaango kilichofunikwa, hakina mabawa wala panga boi. Kilibuniwa na watu wa mbali waliokosa kazi, ndivyo Anselmo alivyoamini, wakakigawa bure ili anayetaka akipachike kwenye mchezo wake wa kurusha ndege. Kompyuta aliiacha mwanawe Sebastian alipohamishiwa Mwanza kikazi, pamoja na joistiki ya kurushia, mchezo na vikorokoro vyote vilivyomo.

"Baba, wewe rusha ndege za kawaida tu, zinakutosha," Sebastian alimwambia kwa simu.

Hazikutosha. Ndege ya kawaida haiwezi kusimama angani, na Anselmo alihitaji kusimama. Helikopta aliijaribu akaishia mtini mara tisa. Ile inataka mikono miwili, miguu miwili na akili ya kijana. Lakini kile kikaango unakibonyezea kitufe kimoja tu, kinaganda hewani kama kimetundikwa msumarini. Basi akameza kiburi chake chote cha lami na vijiti, akajifunza kurusha uongo.

Alijifunza kwa ajili ya mkewe. Yustina alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Anselmo ndiye anayemnyanyua, anayemwogesha, anayemgeuza asipate vidonda, anayempeleka kliniki Mwananyamala na kumrudisha. Alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umehamia kwenye mifupa yake ukapanga chumba. Na aliona aibu kuchoka, maana mgonjwa hakujitakia, ila aibu haijawahi kumpunguzia mtu mzigo.

Mwezi wa tano Flaviana, dada pekee wa Yustina, akafariki kijijini kwao, nyuma ya Ndanda. Daktari hakuzungusha maneno: safari ya basi ya kutwa nzima itammaliza Yustina naye. Wakamzika Flaviana bila dada yake. Sasa kwao Yustina, mtu hajazika kama hajatupa udongo. Hata ukifika baada ya mwaka, hukaribishwi kiti. Unapelekwa kwanza kaburini, unachota konzi la udongo, unatupa, ndipo unapewa maji ya kunywa.

"Sijamtupia udongo," Yustina alisema siku ile, na tangu hapo akawa anakula vijiko vitatu vya uji na kufumba mdomo. Anselmo alibembeleza, alifoka, alilia kidogo akiwa jikoni. Kufikia Agosti mkewe alikuwa mwepesi kumnyanyua, na wepesi huo ulimtisha kuliko uzito wa mwanzo. Alijua kwamba kama Yustina hafiki kwao kwa njia yoyote ile, atakufa mle chumbani kwa hiari yake.

Ndipo akakumbuka kwamba dunia ya mle kwenye mchezo ni dunia hii hii, imepigwa picha kutoka juu, na Ndanda imo.

Wiki sita alifanya mazoezi ya kutua. Mtu mwingine angeona inatosha kupita juu na kuchungulia, lakini Anselmo alilelewa na kazi: safari haijaisha mpaka chombo kimesimama chini na rubani kazima injini. Alitua kwenye uwanja wake wa zamani, palepale alipokuwa akisimama na vijiti, akabamiza, akapinduka, akarudia. Ndanda hakuigusa hata mara moja. Aliitunza, waifikie pamoja.

Jumamosi moja saa nne asubuhi akamkalisha Yustina mbele ya kompyuta, kwenye kiti chenye mikono mirefu alichochongewa na fundi wa Keko, akamfunga kanga kiunoni asiteleze. Mezani akaweka bakuli la udongo.

Yustina akaliangalia. "Udongo wa Madale huo."

"Udongo ni udongo, Mama Seba."

"Mh."

Wakaruka. Anselmo alifuata barabara ya kusini chini chini, kama basi, ili mkewe asipotee. Rufiji ikapita. Mbele kidogo Yustina akanyoosha kidole cha mkono mzima.

"Nangurukuru. Tulikuwaga tunakula hapo. Wali baridi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Walipofika njia panda ya Mingoyo, yeye Yustina ndiye aliyesema kata kulia, na ndiye aliyeitaja Mtama, kisha Nyangao, mpaka mlima ukasimama upande wa kushoto wakajua wamefika Ndanda.

"Vuka mto. Paa la shule lile. Nyuma yake. Polepole, Baba Seba, hili dude lako lina haraka."

Anselmo akabonyeza kitufe. Chombo kikaganda, na chini yao ulikuwa uwanja wa Flaviana.

Nyumba ilikuwa ya nyasi, na kwenye kona ya paa palitandikwa turubai la buluu.

Bati za nyumba ile Anselmo alizinunua mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Flaviana alipiga simu kushukuru mpaka salio likakatika katikati ya neno. Akatafuta chini ya mkorosho, mahali ambapo Vaileth, binti wa marehemu, aliwaambia ndipo walipomlaza mama yake. Ardhi ilikuwa tupu, imefagiwa. Picha ilikuwa ya zamani. Wiki sita za kubamiza na kupinduka, amemleta mgonjwa wake kwenye kaburi ambalo halijachimbwa.

Akafanya analolijua: akaanza kushusha chombo. Labda chini zaidi pangeonekana kitu. Lakini kadiri kilivyoshuka, nyumba ililala bapa kama kitambaa, na mkorosho ukageuka mabaka ya kijani.

"Simama!" Mkono wa kushoto wa Yustina ukamshika kiwiko, kwa nguvu ambazo Anselmo hakujua kama bado zipo. "Panda. Panda kidogo."

Akapanda. Nyumba ikarudi kuwa nyumba.

"Ile nyeupe pale uani unaiona?"

Aliiona: baka jeupe, pana kama mkeka, mbele ya mlango.

"Makopa," alisema Yustina. "Kaanika makopa ya muhogo."

Anselmo akakohoa. "Mama Seba, hii picha ya zamani. Bati zenyewe bado..."

"Naona. Mie nimepooza mkono, sijapooza macho."

Feni ya kompyuta ilikuwa inanguruma. Anselmo akalisogeza bakuli karibu na mkono wake mzima, maana hakuwa na kingine cha kumpa.

"Nisamehe. Nitue tu? Udongo huu hapa."

Yustina alilisukuma bakuli mpaka ukingoni mwa meza. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja na mwingine, hata ule uliokufa.

"Nimtupie nani udongo? Mtu yumo ndani, ana kazi zake. Usishuke, Baba Seba. Utamtimulia vumbi kwenye makopa."

Anselmo akaiachia joistiki. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kukiacha chombo hewani. Wakakaa pale juu, wakimsubiri Flaviana atoke kugeuza makopa yake.