Mibuni ya Baba na Ukurasa wa Tatu

Baba yangu hakupanda mbegu kabla ya kuuliza imekulia wapi. Ukimletea hindi zuri la mbegu, atalipokea kwa mikono miwili, atalisifu, kisha ataanza kudadisi udongo wake na mvua yake, utadhani anaulizia ukoo wa mchumba. Mimi binti yake, niliyesoma hadi chuo, niliona ni ushamba mtupu. Nilikuwa na kiherehere, tena na mdomo.

Mwaka huo mibuni yake kule kijijini Ruanda, wilayani Mbozi, ile aliyoipanda babu, ilishambuliwa na ugonjwa wa chulebuni. Punje zilikuwa nyeusi zikingali mtini. Baba akanipigia simu Tunduma, nilikokuwa nikijaza hati za malori yanayovuka mpaka. "Mwanangu, angalia kwenye huo mtandao wenu, labda kuna mtu anajua la kufanya." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mibuni ile ndiyo iliyonisomesha, na hakuwa na kitu kingine alichokipenda vile.

Nikaenda duka la intaneti jirani na stendi, nikijiona mjanja. Tovuti za kwanza zilimetameta kwa matangazo kwamba nimeshinda simu, nikazifunga huku nacheka. Ya nne ilikuwa imetulia: rangi ya kijani, Kiingereza kisicho na kosa, picha ya bwana mwenye koti jeupe ameshika tawi la kahawa. Ilishauri mibuni iliyozeeka na kuugua ikatwe usawa wa goti ili ichipue upya, na ikataja mwezi wa kukata: Mei. Na sisi tulikuwa Mei. Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Dada wa duka akaniuliza kama achape kurasa zote tatu. Ya mwisho niliitupia jicho tu, nikaona anwani na maelezo ya wenye tovuti.

"Hiyo acha," nikamwambia. "Haina kitu."

Jumamosi nikampelekea baba, nikamsomea kwa Kiswahili tukiwa shambani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu aliyeandika, kwao wapi?"

"Baba, mtandao hauna kwao. Ni wa dunia nzima."

"Lakini mvua imeshakata. Kisiki kitachipua kwa maji gani?"

"Hawa ni wataalamu, baba. Sasa ulinisomesha ya nini?"

Natamani siku ile ningekuwa naumwa jino nisiweze kusema. Baba akaitazama mibuni mstari kwa mstari, akaenda kuchukua msumeno. Majirani waliopita wakishangaa aliwajibu kwa majivuno, "Binti yangu kasoma."

Kipupwe kikaja na upepo wake, visiki vikapasuka, mchwa wakaingia. Mvua za Novemba zilikuta vichache tu vyenye uhai. Baba aling'oa vilivyokufa, akapanda mahindi, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba kukata lilikuwa wazo lake mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nikairudia tovuti ile nikitaka kumwandikia yule bwana wa koti jeupe matusi. Nikashuka mpaka chini kabisa kutafuta anwani. Ilikuwa ya nchi ya ng'ambo ya bahari, na hapohapo, kwenye ule ukurasa wa tatu niliokataa uchapwe, walikuwa wameeleza wazi kwamba ushauri wao ni kwa wakulima wa kwao, ambako mvua huanza mwezi wa sita. Na mimi ndiye ambaye kila asubuhi pale mpakani swali langu la kwanza kwa dereva lilikuwa mzigo umetoka wapi! Niliona aibu, nikafunga bila kuandika neno.

Nilikwenda Ruanda kumwambia. Nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi.

"Baba, nimejua kwao yule aliyeandika," nikasema, nikamweleza habari ya nchi ile na mvua zake.

Aliliweka chini gunzi alilokuwa nalo. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyekuwa na kinyongo na sasa kimemtoka.

"Kumbe hakutudanganya," alisema. "Ni sisi hatukumuuliza."

Nikakaa chini, nikavuta kapu, nikaanza kumsaidia kupukuchua. Sikuweza kumtazama. Yeye aliuliza. Aliuliza palepale shambani, nami nimesimama mbele yake na karatasi mbili mkononi.