Hatamu na Mluzi

Meno yangu ya mbele yalikuwa yanafika shuleni kabla yangu. Utani huo niliutunga mwenyewe, kabla mtu mwingine hajauwahi, na tangu hapo kazi ya kuchekesha darasa ikawa yangu. Kwa hiyo mama aliponipeleka kliniki Upanga kufungwa nyaya za meno, sikuogopa. Niliona nimepata utani mpya.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye mikono ya baridi, aling'oa meno mawili ya juu, moja kila upande, ili ya mbele yapate pa kurudi. Nikadhani mambo yameisha. Wapi!

"Tatizo sasa ni magego," alisema. "Nikiyatumia kuvuta ya mbele yarudi nyuma, na yenyewe yanavutika kuja mbele. Yakilijaza hilo pengo, meno yako yatabaki yamechomoza hivyo hivyo, na mengine ya kung'oa hatuna."

Akatoa kifaa. Waya mnene uliingia kwenye vibomba vya magego, ukatokea mdomoni, ukazunguka mashavu na kufungwa kwa mkanda nyuma ya shingo. Kazi yake ni kuyazuia magego yasisogee. Nikivae kila nikitoka shule mpaka asubuhi, na nisicheze nacho, kisije kikanichoma usoni.

"Dokta, hii si hatamu? Nitakula majani?"

"Wakati wa kula kivue. Ukikivua kwa sababu nyingine, shauri yako."

Tunakaa ghorofa ya tatu Kariakoo, mimi na mama tu. Yeye ana duka la vitenge mtaa wa pili, anarudi giza likishaingia, na simu anaondoka nayo. Sisi masela tunaitana kwa mluzi: mmoja anasimama chini, anapiga mrefu na mifupi miwili, wewe unajibu dirishani, unashuka. Hakuna anayepanda. Ngazi zetu zimejaa marobota ya mizigo na mlinzi hapendi watoto. Usipojibu, hupo.

Sasa jaribu kupiga mluzi na waya katikati ya midomo. Inatoka hewa na mate.

"Oya, jioni siku hizi unapotelea wapi?" waliniuliza shuleni.

Ningesema tu. Lakini mtu aliyeligawia nusu ya darasa majina ya utani atasemaje kwamba kwao anafungwa kama punda?

"Nina majukumu," nikajibu. "Mimi mtu mzito, wanangu."

Wakacheka, isipokuwa mmoja. "Anajisikia huyu," akasema.

Jioni zikawa ndefu. Nilisikiliza wamachinga wakinadi bei za mwisho huko chini, halafu wakikunja maturubai. Nikalitania friji. Lenyewe likanguruma tu, na kwa kweli ule utani ulikuwa mzuri.

Siku moja mluzi ulirudiwa sana. Mkono wangu ukaenda kwenye mkanda wa shingo. Kuufungua ni kitendo cha mara moja. Nikayawaza magego yakijongea taratibu kwenye pengo langu kama wapangaji wasioaga, nikaushusha mkono. Nikachukua kijiko, nikajificha nyuma ya pazia, nikakiburuza kwenye nondo za dirisha mara moja, nikagonga mara mbili, kama mluzi wetu.

"Mnasikia?" sauti ikauliza chini.

"Mama yake anapika huyo. Twendeni, mwana, uwanja utachukuliwa."

Niliendelea kugonga mpaka wakakata kona.

Tuliporudi kliniki, daktari alipima, akapima tena, akatabasamu. "Hayajasogea hata kidogo. Ya mbele yanarudi vizuri. Sasa kifaa uvae ukilala tu."

"Alhamdulillahi," mama alisema, akanishika kichwa. "Umejitahidi, baba."

Jioni ile nilikaa dirishani nikiwa na uso mtupu. Mluzi wa chini ulikuwa umekoma siku nyingi. Nikapiga mimi. Ulitoka na upepo kidogo, lakini ulikuwa wenyewe. Mtaani walikuwepo watu wote wa Kariakoo, kasoro wale ninaowaita. Msukuma mkokoteni mmoja, amepakia majora ya vitambaa, akasimama na kutazama juu.

"Dogo, unaniita mimi?"

"Hapana, anko."

"Sasa unamwita nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole ile kona walikokatia masela. Akainama, akasukuma mzigo wake. Alipopita, nikapiga tena.