Gari Lililovikwa Kaniki

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, nilivaa tai. Niliajiriwa kuwa karani wa majaribio ya magari, na kwa kuwa neno "karani" lilikuwa limenilevya kuliko neno "magari", nilitegemea kupewa meza. Nyapara wa karakana alinikabidhi spana ya nusu inchi. "Hiyo tai," alisema, "itatufaa kufutia oili."

Ninyi vijana mnaoliona gari likiwa limeng'arishwa dukani huenda hamjui kwamba gari huzaliwa kwa siri. Katika miaka ile ya hamsini, kampuni moja ya ng'ambo ilituletea gari la majaribio, yaani gari lililoundwa kwa mkono, moja tu, ili liteswe na barabara kabla halijapewa hata jina. Lilikuwa gari la kupanda milima, lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Barabara ya Iringa hadi Mbeya ilichaguliwa kwa sifa ambayo sisi wenyeji hatukuwahi kujivunia: mashimo yake.

Kazi yangu ilikuwa daftari la mwendo. Kila nusu saa niliandika joto la maji ya rejeta, maili tulizokwenda, na kila mlio wa ajabu. Mhandisi wa Majaribio, Mzungu mrefu aliyekula chakula chake amesimama, alinipa mwezi mmoja wa kutazamwa na sheria mbili. "Hapana simama njiani. Hapana ambia mtu hii gari gani. Vunja moja, rudi kwenu." Kwetu ni Tukuyu, ambako mama alikwisha kutangaza kanisani kwamba mwanawe anatengeneza magari.

Gari la siri huvikwa umbo la uongo ili washindani wasipige picha bodi yake. Mhandisi aliuliza nani ana wazo. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo nikajibu. Tulipigilia fremu ndefu ya mbao nyuma, tukaifunika kwa kaniki kutoka duka la Mhindi, kwa sababu niliamini nyeusi haionyeshi vumbi. Kisha nikaikaza kwa kamba mbili nyeupe za katani zilizopishana.

Dereva wetu, Mzee Kihwele, Mhehe wa maneno machache, aliizunguka kazi yangu mara mbili.

"Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la kumi, mzee."

"Ndiyo maana."

Tulipokaribia Makambako, mtu wa kwanza alivua kofia. Halafu wanawake waliokuwa wakipalilia wakatua majembe, wakapiga magoti. Mbele yetu wanaume walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi. Hapo ndipo nilipoliona gari langu kwa macho yao: sanduku refu, kitambaa cheusi, msalaba mweupe.

"Pita, mzee," nilisihi. "Sheria!"

"Siwezi kuwatimulia vumbi watu wanaotulilia," akasema, akakanyaga breki.

Mzee wa kanisa akasogea dirishani, akatusalimu kwa kikwao. "Kamwene. Poleni sana. Tunamsindikiza nani?"

Ningeweza kutaja jina lolote. Lakini kumzulia mtu kifo mbele ya watu waliopiga magoti, hata kwa elimu yangu yote, nilishindwa. "Hakuna marehemu, baba. Ni gari jipya. Tumelificha lisijulikane."

Bibi mmoja akauliza, "Mmelificha kwa msalaba?" Kicheko kikaanza. "Basi likizeeka mtalivika shela!"

Ni bibi huyohuyo aliyeinama kumchungulia marehemu wetu kwa chini. "Jamani, mbona maiti yenu inavuja?"

Nikatambaa chini ya gari. Bomba la breki, kile kijibomba chembamba kinachopeleka mafuta magurudumuni, lilikuwa limesuguliwa na springi hadi likatoboka. Mbele kidogo tu ulianza mteremko wa kushukia Usangu. Mzee Kihwele akalibana bomba kwa koleo, akaongeza mafuta, tukashuka kwa gia ya kwanza na breki za magurudumu matatu.

Hadi Mbeya nilikuwa na muda wa kutosha kutunga uongo. Dereva alikuwa na barabara yake. Daftari lilikuwa magotini pangu. Niliandika: *Tumesimama dakika arobaini. Watu walidhani tumebeba maiti. Siri imetolewa na karani. Bomba la breki limetoboka. Aliyegundua ni mama mmoja mkulima.*

Mhandisi, aliyekuwa akitungoja Mbeya, alisoma amesimama, mara mbili. "Wewe vunja sheria zote mbili."

"Ndiyo, bwana."

"Na andika mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Akajiingiza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na oili kwenye paji la uso. "Kesho weka turubai," alisema. "Daftari, andika vilevile kama leo."

Baadaye nilihamia karakana ya serikali, nikaenda chuo kikuu nikiwa na ndevu nyingi kuliko baadhi ya wahadhiri, na nimestaafu nikiwa mkaguzi wa magari. Vyeti vimejaa ukutani. Lakini ninachojivunia ni siku ile gari letu lilipofika dukani Mbeya, lina jina na rangi ya kijani. Nililala chali sakafuni na suruali yangu ya Jumapili. Bomba la breki lilikuwa limehamishiwa upande wa pili wa chesisi, mbali na springi.

"Bwana," muuzaji akaniita kwa wasiwasi, "unatafuta nini huko?"

"Sitafuti kitu," nilimjibu, nikiwa bado chini. "Nasoma mwandiko wangu."