Mchumba wangu aliharibu vitufe vyangu, mjane akaja kumpokea marehemu

Admin, nifiche jina tafadhali, mchumba wangu anafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Keza, Ngara. Nimesomea kompyuta. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kampuni ya malori hapa Rusumo, na mchumba wangu, nimwite Deo, nilimwombea kazi mimi mwenyewe hapohapo, kitengo kimoja na mimi.

Bosi aliniagiza nitengeneze programu ya kuwatoa hofu wake wa madereva. Kila dereva ana kitufe chake, lori likivuka mpaka karani anabonyeza, mke anapata meseji: "Mumeo amefika salama." Unapokipangia kitufe kazi, unakikabidhi taarifa za dereva wake. Usipokikabidhi, hakijui kinamtumia nani, kinachukua tu jina la mwisho kwenye orodha.

Siku ya kumwonyesha bosi, wake wa madereva waliitwa wakakaa na simu mkononi. Karani akabonyeza vitufe vyote. Kimya. Deo akasema kwa sauti, "Nilimwambia ajaribu kwanza, mbishi huyu." Watu wakacheka.

Kumbe meseji zote zilikwenda kwa mama mmoja wa Nyamigogo, Biharamulo, nimwite Mama Zawadi. Mumewe ndiye alikuwa wa mwisho kwenye orodha ya programu. Aliungua na lori ng'ambo ya mpaka, akazikwa bila jeneza kufunguliwa, na jina lake lilikuwa bado halijaondolewa.

Kesho yake mama yule akafika getini na watoto, amevaa kitenge kipya, kuku kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata Baba Zawadi. Mmeniambia amefika, tena na tena. Mimi nilijua tu, lile jeneza lilikuwa jepesi."

Bosi akamjibu mbele ya watoto: "Mama, mumeo alishakufa. Huyu binti ndiye kakosea." Mama akanishika miguu: "Mwanangu, waambie ulimwona."

Nikafukuzwa. Kabla ya kutoka nilifungua programu. Zile taarifa zilikuwa zimetolewa kwenye kila kitufe, vyote vikaachwa vichukue jina moja, la mwisho. Na kumbukumbu za programu zilionyesha aliyeingia kubadilisha ni Deo.

Nilipomuuliza hata hakukana. "Bosi alisema atabaki mmoja wetu. Ulitaka niondoke mimi?"

"Ulijua wa mwisho ni marehemu?"

"Nilijua. Nikaona ndiyo nafuu, hawezi kuja kulalamika."

Leo anakalia kiti changu. Mahari ilishapokelewa, na mama yangu ananiambia, "Utavunja ndoa kwa sababu ya vitufe?" Bosi naye hataki kunisikia, anasema natafuta wa kumsingizia. Mama Zawadi alichukua namba yangu siku ile. Ananipigia kuuliza Baba Zawadi amefikia wapi. Nikimwambia alifanyiwa makusudi, naogopa kitakachompata. Nikinyamaza, ataendelea kumngoja.

Jamani, nishaurini kama ndugu yenu. Huyu mwanaume nimuache? Na huyu mama, ambaye anapiga hata sasa ninapoandika, nikipokea nimwambie nini?