Aliyenionjea Boha

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mtungi, nilipewa muwa. Shangazi yangu, mpika pombe aliyesifika katika vijiji vya chini ya Irente, alinikatia pingili mbili, moja ya shinani na moja ya karibu na kilele, akaniambia nitafune. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na cheti kisichonipeleka popote. Nilipomjibu kwamba zote ni tamu, alinipiga kofi la begani.

"Tafuna tena! Hiyo ya juu ina chumvichumvi. Muwa huo bado. Ukiukamua leo utapata maji ya kuoshea vyombo."

Boha ni pombe ya miwa, na kwa Shangazi uchaguzi wake ulianzia shambani. Alitaka miwa myeusi yenye gamba gumu, iliyokaa wiki mbili bila mvua kubwa, kwa sababu muwa ulioshiba maji hutoa pombe legelege. Ilikamuliwa siku ileile ilipokatwa. Ukiulaza, unaanza kuchachuka wenyewe, na ukichachuka wenyewe unakwenda unakotaka wenyewe, si unakotaka wewe.

Lakini muwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni chachu, na chachu yetu ilikaa ndani ya tunda la mvungunya, lile nene refu linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba. Mti huo hauoti kwetu kwenye baridi, hivyo matunda tuliagiza nyika ya Mombo. Likiwa bichi ni sumu. Tulilipasua kwa urefu, tukatoa mbegu, tukalichemsha, kisha tukalianika hadi likawa jepesi kama kizibo. Baada ya hapo lilifundishwa, na neno hilo ni la Shangazi. Tulilaza vipande kwenye maji ya miwa, na pombe iliyotoka tukaimwaga. Tukavianika, tukavilaza tena, tukamwaga. Mara ya tatu tukamwaga pia. Ya nne ndiyo iliyonywewa. Kipande kilichofundika kilihifadhiwa juu ya moshi wa jiko na kilitumika miaka mingi.

Sheria ya mwisho haikuhusu mitungi. Mpika ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza, mbele ya wateja wote, hadi tone la mwisho. Hakuruhusiwa kuonja kidogo wala kubakiza.

"Mpika asiyeanza kunywa anawapikia maadui zake," Shangazi alisema.

Nilipoolewa na mfanyakazi wa shamba la chai upande wa Bulwa, alinipa vipande vinane vya tunda vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira.

Huko nilipika katika kilabu cha kijiji, chini ya Karani wa Kilabu, mtu mkavu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Ilikuwa miaka ya uhaba. "Mama," aliniambia siku niliyoripoti, "hapa hakuna sukari hata ya uji wa wagonjwa. Upike kwa ulichonacho." Nami nilikuwa na miwa ya bondeni na vipande vyangu vinane, vilivyotosha pipa moja. Nilimwona Karani kuwa mkali, kumbe uhaba wake ndio ulionifanya niwe mwaminifu.

Aliyenisaidia kugawa vikombe alikuwa Paulina, mvuna chai kutoka Njombe. Asubuhi alivuna, alasiri alikuja kilabuni mikono bado imepakwa utomvu wa majani. Kwao walikunywa ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi, na hakuacha kunitania. "Dada, sisi Mungu anatupikia kwenye mti. Ninyi Wasambaa mnahangaika na matunda ya kutisha watoto." Nilipojifungua Elia ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, kwa kuwa mama yangu alikuwa mbali, Lushoto. Sikuwa na ndugu mwingine pale.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yalijaa, sukari ikauzwa bila kadi, na gari la bia za chupa likaanza kupanda mlima kila wiki. Kijiji kikakodisha kilabu kwa mtu binafsi. Tulimwita Mpangaji. Alikuwa na sauti laini na saa ya kung'aa.

"Shikamoo, mama," alinisalimu siku ya kwanza, kwa adabu kabisa. "Pipa moja halitoshi. Wateja watanihama. Nataka matatu."

Nilijaribu hamira ya pakiti aliyoniletea. Ilifura kama uji uliosahauliwa jikoni na pombe ikanuka mkate mbichi. Wavuna chai waliitema. Basi nikaagiza matunda mapya kutoka nyika ya Muheza, nikayaanika na kuanza kuyafundisha. Nilipomwaga pombe ya kwanza, Mpangaji alikuwa amesimama mlangoni.

"Unamwaga?"

"Hii si ya kunywa, baba. Bado mara mbili."

"Mama, biashara asubuhi. Watu wana kiu leo, wewe unanieleza habari za wiki tatu zijazo. Kama huwezi, wapo wanaoweza."

Ningeweza kufunga vipande vyangu vinane nikaondoka. Sikuondoka. Nilikuwa na mtoto na mume anayeumwa kifua, na nilikipenda cheo changu cha mpika mkuu. Nikalaza matunda mara ya pili, na pombe ile ya pili sikuimwaga.

Niliionja peke yangu jikoni kwa ncha ya kidole. Ulimi uliwaka, midomo ikafa ganzi. Nilitia sukari nyingi, nikaionja tena, uchungu ukawa umejificha kidogo. Vijana mnaotaka kupika, someni hapa polepole. Sikujua kama itaua, lakini nilijua haijaiva.

Alasiri wateja walikaa kwenye mabenchi wakinisubiri ninywe. Mpangaji naye alisimama pale. Nikashika tumbo.

"Paulina, tumbo linanikata. Ninywee leo."

Alinitazama mara moja. Nadhani alijua kuna kitu, lakini alikuwa mtu wa kunifichia aibu. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakunja uso, akaendelea kunywa. Wateja walipopewa vyao walilalamika uchungu, na wengi wakaacha nusu. Paulina hakuacha kitu, kwa kuwa kikombe cha kwanza hakiachwi.

Alianza kuharisha na kutapika kabla jua halijazama. Watu kumi na moja waliugua, na kumi wakapona. Nilikaa naye siku tatu, nikimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, midomo yake imebabuka kama ya mtu aliyekunywa chai ya moto. Siku ya tatu asubuhi aliniuliza kama tumbo langu limepona. Nikamwambia limepona. Alifariki mchana.

Bwana Afya alikuja na daftari lake. Aliuliza tulichokula na tulichokunywa. Mpangaji alisema ni maji ya mtoni, kisha akanigeukia. "Au sivyo, mama?" Nikasema ndiyo, ni maji. Bwana Afya aliandika, akaamuru watu wachemshe maji, akagawa dawa ya kutia majini. Mto haukuwa na kosa lolote.

Nilipika miezi miwili zaidi, kisha mikono ikakataa. Nilivichoma vipande vyote, vipya na vya Shangazi, nikarudi Lushoto kulima kabichi.

Sasa mnakuja kuniuliza kuhusu chachu, na nimewaeleza. Chagueni muwa uliokomaa. Tunda jipya mlifundishe mara tatu, hata mtu mwenye saa ya kung'aa akiwasimamia mlangoni. Na mkiogopa kunywa mlichokipika, msimpe mwenzenu. Majuto ni mjukuu, na wangu nimekaa naye miaka mingi.

Mwaka niliotaka kurudi ushirikani, kwenye meza ya Bwana, Mchungaji aliniambia nisimame mbele ya kanisa nitubu dhambi yangu. Nilisimama. Nikasema nilikuwa mpika pombe, naomba msamaha. Wazee waliitikia amina, na mama mmoja wa kwaya akaja kunikumbatia huku analia. Mchungaji akauliza kama nina lingine la kusema. Nilifungua mdomo. Jina la Paulina lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Nikatikisa kichwa, wimbo ukaanza, na mimi nikaimba.